Kodi ya pango Nairobi na Dar es Salaam: Kwa nini mwezi mmoja hauna uzito ule ule

Nchi jirani

Wasikilizaji wetu wengi wana mtoto, ndugu au jirani aliyevuka mpaka kwenda kutafuta kazi au masomo Nairobi au Dar es Salaam. Swali la kwanza linaloulizwa nyumbani kabla ya safari huwa ni nauli. La pili, ambalo mara nyingi huulizwa kwa kuchelewa, ni hili: atalala wapi, na kwa bei gani? Makala hii inaeleza jinsi kodi ya nyumba inavyokwenda katika miji hiyo miwili, kwa nini bei hupanda au kutulia, na kwa nini anayelinganisha bei ya mwezi peke yake anaweza kufika mjini akiwa na fedha zisizotosha hata kufunguliwa mlango.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili, kodi hubeba maana mbili: malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba, na tozo ya raia kwa serikali. Wakenya wengi huita ya pili ushuru, ilhali Watanzania hutofautisha kwa kusema kodi ya pango wanapokusudia ile ya nyumba. Katika makala hii tutatumia kodi ya pango, au pango tu, kwa malipo ya nyumba, kwa sababu tutakavyoona mbele, hizo kodi mbili hukutana mfukoni mwa mpangaji yule yule.

Miji miwili, ujenzi wa namna mbili

Sensa ya mwaka 2019 iliihesabu Nairobi kuwa na watu 4,397,073. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 iliupa mkoa wa Dar es Salaam watu 5,383,728. Ni miji inayokaribiana kwa ukubwa, lakini haikujengwa kwa namna moja, na hapo ndipo tofauti ya pango inapoanzia.

Nairobi ilianza kama kituo cha reli. Katika enzi ya ukoloni, Mwafrika alihesabiwa kuwa mgeni mjini, akipewa makazi na mwajiri wake au na baraza la mji, na akitarajiwa kurudi kwao kazi ikiisha. Mitaa kama Kaloleni na Makongeni ilijengwa kwa msingi huo. Pumwani, ambako mtaa wa Majengo ulianza katika miaka ya 1920 kwa nyumba za mtindo wa pwani, ilikuwa miongoni mwa sehemu chache ambako Mwafrika aliweza kujijengea nyumba na kupangisha vyumba. Tangu hapo Nairobi imebaki mji wa wapangaji: takriban kaya tisa katika kila kumi huishi katika nyumba za kupanga. Ardhi ikiwa ghali na mahitaji makubwa, wawekezaji wamejenga kwenda juu. Anayepita Pipeline, huko Embakasi, huona majengo ya ghorofa yaliyosongamana hata mchana vyumba vya ndani huhitaji taa.

Dar es Salaam ilitanuka kwenda pembeni. Nyumba yake ya asili ni ile iitwayo nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uani jiko na choo. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki hupangisha. Mtumishi au mfanyabiashara mdogo hununua kiwanja pembezoni mwa mji, akajenga kidogo kidogo kwa miaka, akahamia kabla hata madirisha hayajatiwa vioo. Kwa hiyo, kwa wengi wa Dar es Salaam, kupanga ni kituo cha njiani kuelekea kibandani kwao. Kwa wengi wa Nairobi, kupanga ndiyo hali ya kudumu. Msikilizaji wa Kampala anayevijua vyumba vya mstari viitwavyo mizigo atauona mji wake katikati ya hiyo miwili.

Nairobi: bei ya chini haishuki kwa urahisi

Katika Nairobi soko la pango limegawanyika katika tabaka ambazo hazifuatani. Wakati wa janga la korona mwaka 2020, nyumba za tabaka la juu na la kati zilibaki na nafasi wazi, na baadhi ya wenye nyumba wakakubali kupunguza. Katika Kilimani na Kileleshwa, ambako nyumba za kifamilia zenye bustani zimebomolewa kupisha majengo marefu, wingi wa fleti mpya umekuwa ukizuia bei kupanda kwa kasi: mpangaji akiona pango limezidi, huvuka barabara akaingia jengo jipya.

Tabaka la chini halina nafasi hiyo. Chumba kimoja chenye bafu na kona ya kupikia, kiitwacho bedsita, ndicho kinachotafutwa na kijana anayeanza kazi, mwanafunzi, na familia changa. Katika mitaa kama Zimmerman, Kasarani au Githurai, bedsita mara nyingi hupatikana kwa shilingi elfu kadhaa hadi zaidi kidogo ya elfu kumi za Kenya kwa mwezi, kutegemea maji, usalama na umbali kutoka barabarani. Chumba hicho kikiachwa wazi asubuhi, jioni huenda kimepata mtu. Mwenye nyumba hana sababu ya kupunguza.

Barabara nazo huandika bei. Barabara kuu ya Thika, iliyokamilika mwaka 2012, iliyageuza mashamba na viwanja vya Kasarani, Roysambu na Ruiru kuwa msitu wa majengo ya kupangisha. Barabara ya kulipia kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa kwa magari mwaka 2022, imewafaa zaidi wenye gari kuliko wanaopanda matatu, lakini nayo imeifanya kingo ya kusini ya mji ionekane kuwa karibu.

Nguvu nyingine ni bei ya fedha yenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 2024 dola moja ilifikia takriban shilingi 160 za Kenya, na Februari ya mwaka huo Benki Kuu ilipandisha riba yake hadi asilimia 13. Nondo, lifti, vigae na nyaya, ambavyo vingi hutoka nje ya nchi, vilipanda bei. Mkopo wa kujengea nao ukawa mzito. Baadaye shilingi iliimarika hadi karibu 130 kwa dola, na kuanzia Agosti 2024 riba ilianza kupunguzwa, hadi kufika asilimia 9.75 Juni 2025. Hata hivyo, pango lililopanda kwa sababu ya dola ghali halirudi chini dola inapokuwa rahisi. Mwenye nyumba husema bado analipa deni la zamani, na mpangaji hana la kujibu.

Mvua kubwa za Aprili na Mei 2024 ziliongeza shinikizo. Baada ya mafuriko, nyumba zilizokuwa kandokando ya mito katika mitaa ya mabanda, ikiwamo Mathare na Mukuru, zilibomolewa. Kila kaya iliyoondolewa pale ililazimika kutafuta chumba mahali pengine, tena kwa haraka, na aliye na haraka hana nguvu ya kupatana bei.

Dar es Salaam: dola, daraja na mabasi ya mwendokasi

Katika Dar es Salaam pia soko lina ncha mbili. Ncha ya juu ni Masaki na Oysterbay, ambako kwa miaka mingi fleti zilitangazwa kwa dola za Marekani kwa ajili ya wanadiplomasia na wafanyakazi wa mashirika ya kigeni. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa vitendo, wizara zilianza kuondoka na sehemu ya mahitaji ya nyumba na ofisi ikaondoka nazo. Kisha Machi 2025 zilitolewa kanuni zinazokataza bidhaa na huduma nchini kutangazwa na kulipwa kwa fedha za kigeni. Kwa mpangaji anayelipwa mshahara kwa shilingi, hilo lina maana kubwa: pango lake halipaswi tena kupanda kila shilingi inaposhuka dhidi ya dola, ingawa mwenye nyumba anaweza kuliweka juu tangu mwanzo ili kujikinga.

Ncha ya chini ni Mbagala, Manzese, Buguruni, Gongo la Mboto. Huko mtu hutafuta chumba kimoja, au chumba na sebule, au kile kiitwacho chumba masta, yaani chumba chenye choo na bafu ndani. Bei hutajwa kwa makumi ya maelfu ya shilingi za Tanzania kwa chumba cha kawaida, na kwa laki moja hadi mbili na zaidi pale choo kinapokuwa ndani na umeme ukawa na mita yake.

Usafiri umezisogeza bei hizo. Mabasi ya mwendokasi yalianza kazi mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, na mtu wa Kimara ambaye zamani alipoteza asubuhi nzima kwenye foleni akaona mji umemkaribia. Mwaka huo huo lilifunguliwa daraja la Kigamboni, na viwanja vya ng'ambo ya bahari vikaanza kuitwa mji. Ila mji unaotanuka kwenda pembeni humdai mpangaji kwa namna nyingine: chumba cha Chanika au Bunju ni rahisi, lakini nauli ya kila siku na saa zinazopotea njiani hurudisha ile tofauti. Wazee wa mjini humuasa kijana asihesabu pango bila nauli.

Hesabu ya siku ya kwanza

Sasa tufike kwenye jambo linalowakwamisha wengi. Nairobi, pango hulipwa mwezi kwa mwezi, kwa kawaida kabla ya tarehe 5, na mara nyingi kwa simu. Anayeingia nyumba hulipa mwezi wa kwanza pamoja na amana, ambayo kwa kawaida ni sawa na pango la mwezi mmoja. Dar es Salaam, desturi ni kulipa kwa mkupuo: miezi sita au mwaka mzima, na mara chache miezi mitatu. Juu ya hapo kuna dalali aliyekuonyesha nyumba, ambaye hudai ujira sawa na pango la mwezi mmoja.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Kijana anapata nyumba ndogo Nairobi kwa shilingi 15,000 za Kenya kwa mwezi. Mwenzake anapata chumba na sebule Dar es Salaam kwa shilingi 250,000 za Tanzania. Tukikadiria shilingi ya Kenya kuwa sawa na 28 za Uganda, na ya Tanzania kuwa sawa na 1.4, wa Nairobi analipa takriban shilingi 420,000 za Uganda kwa mwezi, na wa Dar es Salaam 350,000. Kwa hesabu ya mwezi, Dar es Salaam ni nafuu.

Lakini siku ya kuingia, wa Nairobi anatoa mwezi mmoja na amana: shilingi 30,000 za Kenya, sawa na takriban 840,000 za Uganda. Wa Dar es Salaam anatoa miezi sita na ujira wa dalali: 1,750,000 za Tanzania, sawa na takriban 2,450,000 za Uganda. Nyumba iliyokuwa nafuu imedai karibu mara tatu ya fedha kwa mkupuo mmoja. Asiyekuwa nazo hukopa, huomba hifadhi kwa ndugu, au hukubali chumba kibaya kuliko anachoweza kukilipia kwa mwezi.

Mkupuo una upande wake mwema, na haki idai tuutaje. Aliyelipa miezi sita hulala bila hofu ya tarehe 5. Akipoteza kazi mwezi wa pili, bado ana paa juu ya kichwa. Wa Nairobi akikosa kulipa miezi miwili, anaweza kurudi jioni akakuta mlango umefungwa kwa kufuli la mwenye nyumba. Kila desturi inaweka hatari mahali pake: Dar es Salaam hatari iko mlangoni unapoingia, Nairobi iko kila mwisho wa mwezi.

Sheria inasema nini

Kenya ina sheria ya kudhibiti pango, Sura ya 296, yenye baraza maalumu la kusikiliza mashauri. Tatizo ni kiwango chake: inawalinda wapangaji wa nyumba za makazi ambazo pango lake halizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kilikuwa na maana mwanzoni mwa miaka ya 1980. Leo, hata bedsita ya kawaida imeshakivuka, na sheria imebaki kama mwavuli uliotundikwa juu kuliko kimo cha mtu. Walio nje yake hutegemea mkataba wao na mahakama za kawaida. Kwa mgogoro wa amana isiyorejeshwa, Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai ya fedha yasiyozidi shilingi milioni 1, ni mlango ambao wapangaji wengi hawaujui.

Tanzania ilikuwa na sheria ya kudhibiti pango ya mwaka 1984, ikafutwa mwaka 2005. Ilikuwa imezaliwa katika zama nyingine: mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na maelfu ya familia za Kariakoo, Upanga na katikati ya mji wakawa wapangaji wa dola, ambao baadaye waliangukia mikononi mwa Shirika la Nyumba la Taifa. Soko lilipofunguliwa, udhibiti uliondolewa, na mahusiano ya mwenye nyumba na mpangaji yakabaki chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na makubaliano ya pande mbili. Mgogoro unaweza kupelekwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lakini kwanza wengi huenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye mara nyingi ndiye aliyeshuhudia mkataba.

Kwa kulinganisha, Uganda ilipitisha mwaka 2022 Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji, inayoweka kikomo cha nyongeza ya pango kuwa asilimia 10 kwa mwaka na kudai mkataba wa maandishi pale pango linapofikia shilingi 500,000. Utekelezaji ni jambo jingine, lakini mpangaji wa Kampala ana nambari ya kuitaja mbele ya mwenye nyumba wake. Mwenzake wa Nairobi mwenye pango linalozidi shilingi 2,500, na yule wa Dar es Salaam, hawana nambari hiyo.

Kodi ya serikali hulipwa na nani?

Kenya humtoza mwenye nyumba asilimia 7.5 ya mapato ghafi ya pango, kiwango kilichoshushwa kutoka asilimia 10 kuanzia Januari 2024, kwa wale wenye mapato ya pango kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Mpangaji mwenye ajira naye hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kwa ajili ya mpango wa nyumba za gharama nafuu, kwa sheria ya Machi 2024. Kwa maneno mengine, analipa pango la nyumba anayokaa, na anachangia nyumba ambayo huenda asiipate.

Tanzania ilichagua njia ya umeme. Tangu Agosti 2021, kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ambayo ilipandishwa hadi 1,500 mwaka 2023. Kisheria mdaiwa ni mwenye nyumba, na mpangaji ana haki ya kurudishiwa au kukatiwa katika pango. Lakini anayenunua umeme ni mpangaji, na wachache huthubutu kumdai mwenye nyumba shilingi 1,500 huku wakijua mkataba unaisha baada ya miezi miwili. Kiasi ni kidogo. Kinachoonyesha ni kikubwa. Tozo yoyote inayowekwa juu ya nyumba hutafuta njia ya kumfikia anayeishi ndani yake, ikiwa hana pengine pa kwenda.

Mwelekeo wa mbele

Mambo mawili yanavutana Nairobi. Umoja wa Mataifa unahamishia huko shughuli zaidi za mashirika yake, jambo linaloongeza mahitaji karibu na Gigiri. Upande wa pili, kufungwa kwa shirika la misaada la Marekani, USAID, mwaka 2025 kuliwaondolea kipato wafanyakazi wengi waliokuwa wapangaji wazuri wa tabaka la kati na la juu. Kwa hiyo huko juu bei zinaweza kutulia, huku bedsita zikiendelea kugombaniwa. Dar es Salaam, kanuni za fedha za kigeni na kutanuka kwa njia za mwendokasi ndivyo vya kutazamwa.

Kabla hujamtuma mtoto

Msikilizaji anayepanga safari, au anayemtuma mtu, na aulize mambo haya kabla ya kutuma fedha. Kwanza, malipo ni ya miezi mingapi, na amana au ujira wa dalali ni kiasi gani? Pili, mita ya umeme ni ya peke yake au ya pamoja, na maji hutoka siku ngapi kwa juma? Tatu, nauli ya kwenda kazini na kurudi, ikizidishwa kwa siku 26, inafika wapi ikijumlishwa na pango? Nne, mkataba umeandikwa, na stakabadhi inatolewa kwa kila malipo? Tano, mwenye nyumba mwenyewe ameonekana, au ni dalali tu aliyeshika ufunguo? Usitume fedha kwa nyumba ambayo hakuna mtu wako aliyekanyaga kizingiti chake.

Bei ya mwezi ndiyo inayotajwa katika simu na ndiyo rahisi kukumbuka. Lakini anayefika kituo cha mabasi usiku akiwa na mizigo yake hahitaji bei ya mwezi. Anahitaji jumla ya fedha za kufungulia mlango. Hiyo ndiyo nambari ya kuuliza.